Ushindi na Mabaki ya Margaret Ansell

Ukitoka metro ya Porte de Namur, Brussels, na kuingia mtaa wa Matonge kwa barabara ya Chaussée de Wavre, utakutana na akina mama wengi wa Kivu ambao maisha yao ni kazi na kanisa, kanisa na kazi. Ushindi alikuwa mmoja wao. Asubuhi ungemwona kituoni na koti lake jeusi, jioni anarudi na mfuko wa sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wakavu, na kama humjui ungesema ni mama kama mama wengine. Ndiyo maana iliposikika kwamba Ushindi huyohuyo, mtu wa Minova, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, amezama chini ya Bahari ya Kaskazini kwa hiari yake mwenyewe kwenda kuitazama meli iliyokufa zamani za malkia wa Waingereza, saluni nzima ya rafiki yake Mathilde ilicheka. Walidhani ni mzaha. Watu walijua jinsi mama huyu alivyoogopa maji.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, vita vilipofika karibu na kwao, Ushindi na kaka yake Bienfait waliingia kwenye bwato lililokuwa linavuka ziwa Kivu kwenda kisiwa cha Idjwi. Bwato lilikuwa la mbao, limeshapakiwa magunia ya makaa na maharagwe, na juu ya magunia wakapakiwa watu. Hakuna aliyehesabu walioingia. Katikati ya ziwa upepo ukaamka, mashine ikazimika, na bwato likageukia ubavuni kama mtu anayejigeuza kitandani. Bienfait aliuona mtungi mtupu wa mafuta unaelea, akausukuma kwa dada yake. "Shika hii, usiachilie. Mi natafuta ingine." Ushindi akaushika. Alimwita kaka yake mpaka sauti ikamkauka, na wavuvi wa Idjwi walipokuja kumwokota, walilazimika kumbandua vidole vyake kimoja kimoja kutoka kwenye ule mtungi. Bienfait hakuonekana tena. Wala hakuna serikali, kampuni wala mtu yeyote aliyekuja kuuliza nani alikuwamo ndani ya bwato lile.

Miaka ikapita. Ushindi akafika Ubelgiji, akapata makaratasi, akasomea kazi ya kuwahudumia wazee, akaajiriwa kwenye nyumba moja ya wazee huko Ixelles. Kazi aliipenda na akaifanya vizuri. Aliweza kumgeuza mzee mzito bila kumuumiza, na alijua nani anataka kahawa kabla ya kuombwa. Lakini nyumbani kwake hakujaza beseni la kuogea hata siku moja. Alioga kwa ndoo, amesimama. Likizo za kiangazi, wenzake walipopanda treni pale Gare du Nord kwenda kustarehe pwani ya Ostend, yeye alisema ana kazi.

Ndipo akaletwa mzee Ward.

Ward alikuwa Mflamandi mrefu, amekonda, magoti yamekwisha, lakini kifua kipana kama kabati. Siku ya kwanza Ushindi alipoingia chumbani kwake kumwamsha, mzee alifumbua jicho moja akasema kwa Kiswahili: "Leta maji!"

Ushindi alishtuka, kisha akakunja mikono. "Papa, Kiswahili hiyo umeitoa wapi?"

"Albertville. Kalemie ya sasa. Nilikuwa plongeur wa port, kijana kabisa. Kazi yangu kufunga vyuma chini ya maji."

"Bon. Basi mi siko boy yako wa Albertville. Unasema: 'Tafadhali, maman, nipatie maji.'"

Mzee alimtazama, na Ushindi akadhani atamfokea. Badala yake alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema sentensi nzima, pole pole, bila kuacha neno. Tangu siku ile hakuwahi tena kumwamrisha, na Ushindi akawa anamalizia zamu yake chumbani kwa Ward, kwa sababu huko ndiko alikoweza kusema lugha ya kwao akiwa kazini.

Ukutani mwa chumba kile kulikuwa na mchoro mkubwa wa meli, ambao Ward mwenyewe aliuchora kwa makaa. Meli ya mizigo ya zamani, dohani moja nyembamba katikati, milingoti miwili, ubavu mrefu usio na madoido. Ushindi alikuwa akiupa mgongo mchoro ule kila alipotandika kitanda. Ward aligundua.

"Maman, meli yangu imekukosea nini?"

Ushindi hakuwa mtu wa kusimulia habari zake. Lakini siku ile, akiwa anakunja shuka, alimweleza yote: bwato, upepo, mtungi, kaka yake. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Ward hakuishia kumwambia pole. Alimwambia, "Keti. Nami nikwambie habari za hii."

Meli ile iliitwa Margaret Ansell. Iliundwa Sunderland, kaskazini mwa Uingereza, kwa bamba za chuma zilizopigiliwa misumari na watu waliokuwa wanafanya kazi mvua ikiwanyeshea mgongoni. Haikuwa meli ya matajiri. Haikuwa na ukumbi wa starehe wala vioo, na hakuna aliyekuja gatini kuipungia leso. Ilikuwa punda wa baharini. Ilibeba makaa ya mawe kwenda Genoa na Aleksandria, ikarudi na mbegu za pamba. Ikienda Bahari Nyeusi ilijazwa ngano mpaka maji yakakaribia sitaha. Ilibeba mbao za Riga zenye harufu ya utomvu, na safari moja ilibeba kengele za kanisa, ambazo zililia zenyewe tumboni mwa meli kila wimbi lilipopiga, na mabaharia wakakosa usingizi mpaka bandarini. Miaka karibu ishirini ilifanya kazi hiyo bila kupumzika, huku dohani yake ikipakwa rangi upya na mwili wake ukizidi kuchoka.

"Na chini kabisa," Ward alisema, "mbele ya boila, kulikuwa na wachochea moto. Watu bila shati. Koleo, makaa, koleo, makaa. Hawaoni bahari. Hawajui kama ni mchana. Meli inatembea kwa mikono yao."

Safari ya mwisho ilitoka Bilbao na mawe ya chuma, kuelekea Antwerp. Mawe ya chuma ni mzigo mbaya. Ni mzito kupita kiasi, unakaa chini kabisa na kuiacha meli ikiyumba kama mlevi, na maji yakiingia, meli haipati muda wa kuaga. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua na upepo mkali, na pwani ya Flanders imejaa mafungu ya mchanga yaliyojificha chini ya maji. Jioni ilipokuwa inaingia, Margaret Ansell ilipanda juu ya fungu mojawapo na kukwama. Mawimbi yakaanza kuinyanyua na kuibwaga, kuinyanyua na kuibwaga, mpaka bamba zikaachana.

Kapteni aliamuru watu wote wapande juu. Injinia mkuu na wachochea moto watatu hawakupanda. Maji yalikuwa yamewafika magotini, lakini tanuru zilikuwa bado zinawaka, na bila moto hakuna mvuke, na bila mvuke pampu zinasimama na honi inanyamaza. Wakaendelea kutia makaa. Honi ile ya mvuke ikalia, ikalia, na wavuvi waliokuwa nchi kavu wakaisikia, wakaingiza mashua ya uokoaji majini. Waliwakuta mabaharia wameng'ang'ania milingoti. Mashua ilipokuwa inaikaribia meli, honi ilikatika katikati ya mlio. Kila mtu alielewa maana yake. Wale wanne hawakutoka. Waliobaki wote waliokolewa.

Ushindi alikuwa amesahau shuka mapajani. "Na kisha? Batu walikuja kuuliza?"

"Walikuja. Kulikuwa baraza. Kapteni alisimamishwa mbele ya majaji, aliulizwa kila kitu: upepo, mzigo, njia. Majina ya wale wanne yalisomwa kwa sauti."

"Donc, hata meli ya mawe iliulizwa," Ushindi alisema taratibu. "Sisi hakuna muntu aliuliza."

Ward alimwambia kwamba zamani, magoti yalipokuwa bado mazima, yeye na wenzake wa klabu yao ya kuzamia walikuwa wanaishukia meli ile kila kiangazi. Ilikuwa bado ipo, imelala kwenye mchanga, na boila zake mbili zimesimama wima kama nyumba.

Ushindi alirudi kwake, akapika, akala. Maneno ya mzee hayakumtoka. Si kifo cha wale watu kilichomsumbua, maana vifo alikuwa ameviona. Kilichomkaa moyoni ni kwamba mtu anaweza kushuka huko chini, akaitazama ile meli, kisha akapanda tena. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anaamini kwamba maji yakichukua, yamefunga mlango.

Wiki iliyofuata alijiandikisha kujifunza kuogelea.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mwalimu wake katika bwawa la mtaa aliitwa Anneleen, msichana mwenye subira. Siku ya kwanza Ushindi alifika mpaka ukingoni, akatumbukiza miguu, akatapika. Siku ya pili aliingia mpaka kiunoni na kushika bomba la ukutani kwa nguvu kiasi kwamba Anneleen hakuthubutu kumgusa. Watoto wadogo walikuwa wanampita pembeni kama bata. Aliona haya, lakini alirudi. Mathilde alipomwona anaingia saluni na nywele zimeharibiwa na dawa ya bwawa, alipiga makofi kwa mshangao.

"Ushindi, mama yangu, unatafuta nini kule? Mungu alikutoa kwa maji mara moja. Haitoshi?"

"Alinitoa kwa maji, lakini sikutoka. Niko ndani mpaka leo. Nataka kutoka."

Mathilde alimtazama kwenye kioo. Akamsuka nywele fupi, za kukaa vizuri chini ya kofia ya mpira.

Ilimchukua majira kadhaa kuogelea bwawa zima bila kusimama. Ward alikuwa anangoja habari kila zamu, kama mtu anayefuatilia timu yake ya mpira. Yeye ndiye aliyempigia simu Etienne, kiongozi wa ile klabu ya zamani, Mbelgiji wa lugha ya Kifaransa, mfupi, mwenye masharubu mekundu yanayoanza kuota mvi. Etienne alimpokea Ushindi kwa adabu iliyojaa mashaka. Alimfundisha katika bwawa la kina kirefu la kuzamia kule Uccle: kuvaa mtungi wa hewa, kutoa maji kwenye miwani, kupumua bila haraka. Jambo moja alilirudia mpaka likachosha: ukipatwa na shida chini, kwanza simama, pumua, fikiri, kisha ndipo utende.

Siku ya kwanza ya baharini, Ushindi alishindwa. Waliondoka Ostend kwa boti ndogo, maji ya kijani yenye tope, baridi inayopenya hata kwenye vazi la mpira. Alishuka na kamba ya nanga hatua chache, akainua macho, akaona mwanga unafifia juu yake, na mwili wake ukakataa. Akapanda, akavua miwani, akalia mbele ya wanaume wanne wa klabu ambao hawakujua watazame wapi. Etienne alimpa chai kutoka kwenye chupa yake na kusema, kwa Kifaransa, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulia palepale, kwa sababu ndogo zaidi. Njiani kurudi Brussels, Ushindi alilala kichwa kikiwa kwenye dirisha la treni.

Alimweleza Ward kila kitu. Mzee akamuuliza swali moja tu. "Maman, utarudi?"

"Nitarudi."

Alirudi kiangazi kilichofuata, siku bahari imetulia, maji yamesimama kati ya kujaa na kupwa. Safari hii hakutazama juu. Alitazama mkono wake mwenyewe kwenye kamba, kisha mkono mwingine, mpaka Etienne akamgusa bega na kunyoosha kidole.

Margaret Ansell ilikuwa mbele yake. Mwanzoni hakuielewa, kwa kuwa haikufanana na mchoro. Ubavu ulikuwa umefunguka kama kitabu kilicholowa. Mawe ya chuma yalikuwa yamemwagika mchangani, mekundu chini ya tochi. Maua ya bahari meupe yalikuwa yameota kila mahali, na samaki wadogo wenye mistari walipita madirishani bila kujali mgeni. Halafu boila. Zote mbili, kubwa, za duara, midomo ya tanuru ikiwa wazi. Ushindi aliogelea mpaka mbele ya tanuru moja, akasimama pale waliposimama wale watu wanne na koleo zao. Akaweka kiganja kwenye chuma. Aliwaombea, kisha akamwombea Bienfait, na hakuhisi kwamba anawaombea watu walio mbali.

Hapo ndipo alipogeuka na kuona kwamba Etienne amenaswa.

Wavu wa wavuvi, wa zamani, ulikuwa umetanda nyuma ya boila, umefichwa na tope. Etienne alikuwa ameingia kwa mgongo. Nyuzi zilikuwa zimeshika bomba la mtungi wake na mguu mmoja, na kadiri alivyojivuta ndivyo ulivyomkaza. Tope lilifumka, tochi yake ikawa doa la njano tu. Mwalimu aliyefundisha watu kusimama na kupumua alikuwa anapiga mateke kama mtu yeyote anayeogopa kufa. Mapovu yake yalitoka mengi mno, hewa inapotea.

Ushindi alisogea. Etienne alimkamata mkono kwa nguvu, kucha zikamwingia kupitia mpira. Mwili wa Ushindi uliujua mshiko ule. Ni mshiko wa mtu anayezama. Ulimwambia akimbie. Hakukimbia. Aliuleta uso wake karibu kabisa na uso wa Etienne, miwani kwa miwani, akapumua taratibu ili aone mapovu yake yanavyotoka: moja, tulia, jingine, tulia. Akashika mkono uliomkamata, akauongoza mpaka kwenye chuma cha boila, akaubana pale. Shika hapa. Etienne akashika. Mateke yakapungua.

Kisha Ushindi akachomoa kisu cha mguuni na kuanza kukata. Alikata uzi mmoja mmoja, kwa kupapasa zaidi ya kuona, mkono wa kushoto umebaki begani mwa Etienne muda wote. Hakuubandua hata alipohitaji mikono miwili. Alikata kwa mmoja, pole pole, kama anavyomfungua mzee bandeji. Uzi wa mwisho ulipoachia, walipanda pamoja na ile kamba, wakisimama kila walipotakiwa kusimama ili mwili uzoee, wameshikana mikono kama wanafunzi wanaovuka barabara.

Juu, botini, Etienne alivua kila kitu akakaa sakafuni. Alijaribu kusema kitu mara mbili ikashindikana. Ushindi alifungua sanduku lake la chakula, akamkatia nusu ya mkate wake wa jibini.

"Kula kwanza," alimwambia. "Utasema kisha."

Ward alipopewa habari, hakuuliza lolote kuhusu wavu mpaka aulize la kwake. "Boila ziko?"

"Ziko, papa. Zote mbili. Kaa wakubwa wanaishi ndani, wanatoa macho kama concierge anayelinda mlango."

Mzee alifumba macho akatabasamu muda mrefu. Alifariki kabla ya Krismasi, usingizini, na Ushindi ndiye aliyemwosha na kumvalisha, ingawa siku hiyo hakuwa zamu. Kwenye mazishi, watoto wa Ward walimkalisha safu ya mbele.

Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo alikuwa analiwaza tangu mzee amsimulie habari za baraza. Alianza kuuliza. Aliuliza kanisani, aliuliza madukani, aliwapigia watu wa Minova, Goma na Idjwi: nani alikuwa na mtu ndani ya bwato lile? Wengine walimkatia simu. Wengine walilia kabla hajamaliza swali, kwa sababu walikuwa wamelingoja muda mrefu. Padri Jean-Baptiste, Mkongo wa Uvira, alikubali kusoma misa, na Jumapili moja majina yakasomwa kanisani, jina baada ya jina, huku mtu wa kila jina akisimama. Baba mmoja alikuja kwa basi kutoka Ujerumani ili asimame kwa ajili ya mke wake. Ushindi aliposikia "Bienfait" alisimama akiwa peke yake, lakini Mathilde akasimama naye, na safu nzima ya akina mama wa saluni nyuma yao.

Siku hizi Ushindi bado anahudumia wazee. Jumamosi asubuhi anafundisha akina mama kuogelea, kwanza wa Kivu tu, sasa pia wa Guinea na wa Morocco, na mtihani wa ualimu aliufaulu mara ya pili, baada ya kushindwa sehemu ya maandishi mara ya kwanza. Hapigi kelele na hamsukumi mtu. Anayeogopa, anakaa naye ukingoni, miguu yao imo majini, wanaongea mambo ya watoto na bei ya mihogo hadi mwenyewe aamue kuteremka. Juzi kulikuwa na mama mmoja, Rolande, ambaye alikaa hivyo majuma mengi bila kuingia. Kisha asubuhi moja akashuka ngazi mwenyewe, akalala chali juu ya mikono ya Ushindi, akatazama dari.

"Maman Ushindi," aliuliza, "umeshaniachilia?"

"Zamani," Ushindi akamjibu, na Rolande akaendelea kuelea.